Mfalme Mwenye Chozi

Dukani walimwita Mama Lenzi kwa sababu ya kile kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia kifuani mwake kwa kamba nyeusi, hata alipokuwa jikoni kwake anamenya vitunguu. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, aliwaambia wageni kwamba siku ya harusi bibi arusi alimkagua kwanza kwa lenzi, akamgeuza huku na huku, ndipo akasema ndiyo. "Na mpaka leo ananishuku nina shaba ndani," alimalizia, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kazi yake ilikuwa katika duka linalonunua dhahabu kuukuu. Mbele alikaa tajiri mwenye duka, mtu mnene mwenye maneno laini, akiwapokea wateja na kuwapoza roho. Nyuma, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama barabara, alikaa yeye na meza yake: kitambaa cheusi, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo ili hata pumzi isiisumbue, kipimo cha unene, bilauri ya maji na kipande cha marumaru. Bangili, mikufu, pete, hata meno ya dhahabu ya watu waliokwisha kufa, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini kilichompa jina mjini ni zile sarafu za kale za Kiingereza, pauni za dhahabu, zenye kichwa cha mfalme au malkia upande mmoja na mpanda farasi anayemkanyaga joka upande wa pili.

Pauni hizo zina mtego wake. Mnunuzi halipii dhahabu tu, hulipia na umri. Kwa hiyo wapo wanaozighushi kwa dhahabu ya kweli iliyopunguzwa kidogo tu, wakakuuzia miaka mia ambayo haikupita. Mama Lenzi alianza kwa kuidondosha sarafu juu ya marumaru akiwa amefumba macho. Ya halali hulia mlio mwembamba unaokawia kuondoka. Kisha mizani: gramu nane kasoro chembe. Kisha unene, maana dhahabu iliyopunguzwa ni nyepesi, na mghushi akitaka uzito utimie hana budi kuinenepesha sarafu. Mwisho lenzi. Sarafu ya kweli, alikuwa akisema, ina ngozi ya mtu aliyefanya kazi. Ya bandia ina ngozi ya sabuni iliyolala majini.

Asubuhi moja ya Jumatatu alikuja mwalimu mstaafu, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Alitoa leso mfukoni, akaifungua kwa uangalifu kama anafungua kidonda, na ndani yake mlikuwa na pauni moja.

"Ya marehemu mke wangu," alisema. "Aliachiwa na mama yake."

Mama Lenzi aliidondosha. Mlio ulianza vizuri, ukakatika mapema, kama mtu aliyeitwa akageuka. Akapima. Uzito sawa. Unene umezidi kwa unywele mmoja. Alikuwa tayari amekwisha kuijua kuwa ni ya uongo alipoinua lenzi kuitazama sura ya mfalme, yule mwenye ndevu, na ndipo alipoona, chini tu ya jicho, pengo dogo lenye umbo la chozi.

Aliondoa lenzi, akaifuta kwa pindo la nguo, akairudisha. Chozi lilikuwa pale pale.

"Vipi, mama?" mwalimu aliuliza. "Nzuri?"

Vidole vyake vilikuwa vimepoa, ingawa jua lilikuwa limejaa chumbani. Chozi lile alilifahamu kwa sababu yeye ndiye aliyelitia.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa sonara, na pauni moja halali ndiyo aliyoitumia kulinganishia nyingine zote. Siku moja baba alipotoka, binti aliichukua ile pauni akaibana kwa koleo ili aitazame vizuri karibu na taa. Koleo likateleza, likamng'ata mfalme chini ya jicho. Kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, alimtazama mara moja, akamnyang'anya koleo, na baba aliporudi akasema, "Ni mimi." Alichapwa yeye. Miaka kadhaa baadaye kaka alipopata kazi ya melini, baba alitoboa tundu dogo juu ya kichwa cha mfalme, akatia mkufu, akamvisha. "Uliiharibu wewe, ibebe wewe." Kaka akamkonyeza dada yake, akaondoka.

Meli ile ya mizigo iliungua. Kampuni ilileta barua na begi la nguo. Mwili haukupatikana. Waliokuwa chumba cha injini, barua ilisema, hakubaki kitu cha kuzika. Walikaa msiba bila maiti. Mama yao hakumaliza miaka miwili. Hayo yote yalikuwa yametokea miaka ishirini na sita iliyopita, na pauni yenye chozi ilipaswa kuwa chini ya bahari, ama imeyeyuka, ama shingoni mwa mifupa.

Mama Lenzi alipitisha ukucha juu ya pengo. Koleo, lilipomng'ata mfalme, lilisukuma dhahabu pembeni ikafanya ukingo mdogo mkali. Alikumbuka ukingo ule. Utotoni aliupapasa kila alipopata nafasi, kwa hatia. Sasa ukucha uliteleza bila kukwama popote. Tena juu ya kichwa hapakuwa na tundu, ila palikuwa na duara hafifu kama baka, mahali tundu lilipozibwa. Hili halikuwa kovu. Ilikuwa picha ya kovu.

"Pole, mwalimu," alisema hatimaye. "Hii imetengenezwa juzi tu."

Mwalimu aliikunja leso. Akakiri kwa sauti ndogo kwamba haikuwa ya mke wake, aliinunua kwa mchuuzi mmoja mwenye mkoba, akaona haya kusema.

*

Anayeghushi hahitaji sarafu nyingi. Huchukua moja ya kweli, akaitengenezea kalibu ya chuma, na kila alama iliyokuwa mwilini mwa ile ya kwanza huzaliwa nayo kila inayofuata. Hilo Mama Lenzi alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Lakini kulijua hakukumsaidia wiki ile alipougua homa siku mbili, akarudi kazini akamkuta tajiri ana furaha.

"Nimenunua mbili mwenyewe," tajiri alijisifu. "Watu tofauti, siku tofauti. Nimezipima, uzito barabara. Usiseme siwezi kazi yako."

Mama Lenzi alizipanga juu ya kitambaa cheusi. Mfalme wa kwanza ana chozi. Mfalme wa pili ana chozi, mahali pale pale, urefu ule ule. Walikuwa wanatazama upande mmoja, wametulia, kama watu wawili waliopewa habari moja ya msiba.

"Tajiri," alisema, "watu wawili wanaweza kufanana. Lakini wakiwa na jeraha moja, basi kuna mmoja tu aliyeumia."

Tajiri aliziangalia kwa lenzi, akakaa chini, akaomba maji.

Jioni ile alimweleza mumewe. Walikuwa wamekaa barazani, mumewe akitengeneza redio ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikisema. Aliweka bisibisi chini.

"Mke wangu, maiti hachongi sarafu."

"Najua."

"Basi kuna mtu aliyeivua shingoni mwake."

Hilo Mama Lenzi hakuwa amelifikiria. Tangu hapo kila alipofumba macho aliona mikono isiyo na mwenyewe ikifungua kishikizo cha mkufu, polepole, bila haraka yoyote.

Siku chache baadaye tajiri alichungulia chumba cha nyuma, akatabasamu nusu. "Mama, tusaidie. Yule mchumba wako ataendelea kupigwa jua mpaka lini?"

"Mchumba gani?"

"Mzee mmoja. Kila Alhamisi anasimama kule ng'ambo ya barabara, ameegemea ukuta, anatazama dirisha lako. Nilidhani unajua. Mwezi wa ngapi sasa huu!"

Mama Lenzi alitazama. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta mweupe tu na jua la saa sita. Wakati wa kupumzika alivuka barabara. Juu ya chokaa palikuwa na baka la mafuta, jeusi na laini, pale ambapo bega limesugua mara nyingi. Aliweka bega lake. Lilifika chini ya baka. Mtu huyo alikuwa mrefu. Aligeuka atazame anachokitazama mtu yule, na moja kwa moja, kama kwenye fremu, aliona meza yake, taa yake ikiwaka juu ya kitambaa cheusi, na kiti chake kitupu. Alirudi dukani mbio mbio kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Pauni ya nne ililetwa na fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na tepu ya kupimia bado shingoni. Mama Lenzi hakuidondosha hata kwenye marumaru. Alimwona mfalme na chozi lake, akaigeuza haraka ili asimtazame. Ndipo, upande wa farasi, chini ya kwato iliyoinuliwa, alipoona nukta. Ndogo kuliko ncha ya sindano. Alizichukua zile mbili za tajiri akazigeuza pia. Zote zilikuwa nayo.

Aliziweka zote tatu sambamba, farasi juu.

Baba yao alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kazi yoyote iliyochanganywa kuliko inavyoonekana, kwa mfano mteja akitaka pete ya dhahabu kidogo ing'ae kama ya dhahabu nyingi, baba aliitengeneza, lakini kabla haijatoka mkononi mwake aliitia nukta mahali pasipoonekana. "Mteja haioni," aliwaambia watoto wake, "lakini mimi nimesema." Watu waliojua habari ya nukta duniani walikuwa watatu. Baba amekufa. Wa pili ameungua melini. Wa tatu alikuwa ameketi pale, lenzi jichoni.

"Mama, mbona unanitisha?" fundi cherehani alisema. "Ni mbovu?"

"Umeipata wapi?"

"Kwa mchuuzi mwenye mkoba. Shoga yangu mmoja akaniambia nimeibiwa, basi nikamfuata yule mchuuzi kimya kimya, mguu kwa mguu. Akaingia kwa mchonga mihuri, kule nyuma ya kinu cha mafuta, akatoka na bahasha. Nikaogopa kumvamia. Mwanamke peke yangu, na uchochoro wenyewe ule!"

"Huyo mchonga mihuri ni mtu wa namna gani?"

"Mzee mpole. Mrefu. Hana makuu. Anamtunza mama yake kipofu, mtaa mzima wanamsifu."

Mama yake. Mama Lenzi alirudia maneno hayo moyoni njia nzima kwenda nyumbani. Lakini mama yao, yeye na kaka, alikuwa amemzika kwa mikono yake mwenyewe.

*

Alikwenda kesho yake alasiri, peke yake. Mumewe alitaka kumsindikiza, akakataa. Uchochoro nyuma ya kinu cha mafuta ulikuwa umelowa mafuta ya miaka mingi, udongo umekuwa mweusi na laini, na hatua za mtu hazikutoa sauti yoyote. Alitembea akahisi kama hayupo.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Kutani kulikuwa na vibao vya mihuri ya mfano, mamia, ya mashule, ya zahanati, ya mawakili, na majina yote yalikuwa yamechongwa kinyume, kama yanavyosomeka ndani ya kioo. Hakuna jina hata moja alilofaulu kulisoma kwa haraka. Katikati ya majina hayo, kwenye kiti cha kamba, alikaa bibi kizee amejifunika shuka mpaka kifuani, macho yake meupe kama maziwa.

"Karibu," bibi alisema kabla mgeni hajafungua mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakanyaga kisigino kwanza, kama mtu anayepima ardhi. Nilidhani ni yeye amerudi mapema." Alinyoosha mkono. "Sogea."

Mama Lenzi alisogea. Vidole vikavu vilimpanda usoni, vikapita kwenye nyusi, vikashuka puani, vikasimama hapo.

"Pua ni moja," bibi alisema.

"Mama, namtafuta mwanao."

Bibi alicheka kidogo, bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Mwanangu yuko baharini mwaka wa ishirini na sita sasa. Wewe unamtaka huyu mwingine."

Kinu kilikuwa kikinguruma ng'ambo ya ukuta, na majina ya kinyume yalitetemeka kidogo kwenye misumari yake. Mama Lenzi alishika ukingo wa meza.

"Alikuja hapa na begi la mwanangu," bibi aliendelea, kama anayesimulia habari za jirani. "Macho yangu yalikuwa yamekwisha kufa. Nikasikia mtu mlangoni, nikasema, mwanangu umerudi, nikamkumbatia. Yeye alikuwa amekuja kuniambia mwanangu ameungua. Akashindwa. Akasema, ndiyo mama, nimerudi."

"Uligundua lini?"

"Palepale. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Mwanangu hajaniomba radhi hata siku moja tangu nimzae." Alivuta shuka. "Lakini nilikuwa nimekwisha mkumbatia. Wewe ungemwachia?"

Mama Lenzi aliitazama mikono ile mikavu.

"Usimwambie kwamba najua. Anajitahidi mno. Anajikoholea kama mwanangu alivyokohoa, sijui nani alimfundisha. Ukimwambia ataona haya, ataondoka, nami nitabaki sina hata mmoja. Siku nikizikwa, mwambie. Wewe ni dada yake, hiyo ni kazi yako."

Hatua hazikusikika, ila mwanga wa mlangoni uliziba. Mama Lenzi aligeuka. Mtu mrefu alisimama na mfuko wa dawa mkononi, nywele zake zimekuwa nyeupe, bega la kulia la shati lina rangi ya chokaa. Aliyekufa alikuwa amezeeka.

Walitazamana. Aliuweka mfuko wa dawa juu ya meza, polepole.

"Nani huyo, mwanangu?" bibi aliuliza kwa sauti tamu, isiyojua lolote.

"Mteja, mama," alijibu, akakohoa.

"Nimekuja kuhusu muhuri," Mama Lenzi alisema. Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Muhuri wa nini, mama?" yule mrefu aliuliza.

"Wa zamani. Niliambiwa uliungua. Nimesikia kwamba upo."

"Labda... labda tuutafute kule nyuma," alisema.

Kule nyuma kulikuwa na chumba chembamba, na ndani yake jeki ya gari iliyogeuzwa kuwa mashine ya kugandamizia, na kalibu mbili za chuma. Pembeni, juu ya kipande cha ngozi, ilikuwa pauni yenyewe, ile ya kweli. Alipapasa chozi kwa ukucha. Ukucha ukakwama.

Hapo ndipo alipompiga kaka yake kofi. Kisha akamkumbatia. Kisha akampiga tena, taratibu zaidi, kifuani.

Walizungumza kwa kunong'ona, maana ukuta ulikuwa wa mbao. Siku ya moto, kaka alisema, alikuwa na homa. Rafiki yake alimshikia zamu, akavaa koti lake lenye kitambulisho mfukoni. Waliookolewa walipohesabiwa, aliyeungua akaandikwa kwa jina la kaka, mwenye zamu, na kaka, asiye na karatasi yoyote, akaandikwa kwa jina la rafiki, lililobaki kwenye orodha. Alitaka kulisahihisha, lakini akaona kwanza aende kwa mama wa rafiki. Na mlangoni pale akakumbatiwa.

"Na mama yetu?" Mama Lenzi aliuliza. "Alikufa akikuita. Mpaka saa ya mwisho."

"Nilikuja mazikoni. Nilisimama nyuma kabisa. Ulipita karibu yangu, ulikuwa unalia, hukuniona."

"Nilikuona," alisema dada, na alipoyasema akajua ni kweli. Alikuwa amemwona, akadhani ni huzuni inamchezea, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kaka na bibi walikuwa wamehamia mji huu miaka miwili tu iliyopita, kwa ajili ya hospitali. Dawa za bibi zilikuwa ghali, na mchuuzi mwenye mkoba alipoiona pauni shingoni mwa kaka na mikono yake inavyochonga, akamletea dhahabu na wazo.

"Na nukta?"

Kaka alitazama mikono yake. "Nilipomaliza kuchonga kalibu, mkono ulikataa kuiacha bila nukta. Nilijaribu siku nzima."

"Au ulitaka nikukamate."

"Nilijua mjini hapa zingepita mezani kwa nani," alisema. "Sijui nilitaka nini. Alhamisi nilikuja kuangalia kama umeshaiona."

Mama Lenzi alimwambia achukue tupa, azifute kalibu zile mbele ya macho yake. Akafuta. Ilichukua muda mrefu, chuma kikilia, na sura ya mfalme ikipotea kipande kwa kipande, ndevu kwanza, kisha sikio, mpaka likabaki jicho peke yake, na hatimaye nalo likaondoka. Chumba cha mbele bibi alikuwa akiimba kitu kidogo cha kumbembelezea mtoto.

*

Asubuhi iliyofuata Mama Lenzi alimweleza tajiri awaonye wenzake wa maduka mengine: mfalme mwenye pengo chini ya jicho, nukta chini ya kwato, wasinunue.

"Na aliyezitengeneza?" tajiri aliuliza.

"Namjua. Hatatengeneza tena. Lakini leo sitamtaja, na mtu anayeficha moja hawezi kuaminiwa kwenye kiti hiki. Tafuta mwingine."

Tajiri alidhani ni mzaha, akamfuata mpaka barabarani bila viatu. Mama Lenzi hakurudi. Mumewe alimpokea mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo nina shemeji. Na nilikwisha zoea kutokuwa naye," akaenda kuchemsha chai.

Miezi minne bibi aliishi. Mama Lenzi alikwenda kila siku, akijiita mteja, na bibi akimkaribisha kama mteja, na kila mmoja katika chumba kile akiigiza kwa ajili ya mwingine, kwa upole ambao ulimtisha kuliko alivyotishwa na sarafu. Wakati mwingine kaka alipotoka, bibi alimshika mkono akauliza, "Leo amevaa nini? Amekonda?" Akafa alasiri moja usingizini, kaka amemshika mguu. Alizikwa na mwanawe, watu walisema, na mwana alilia kama mtoto.

Walipobaki wawili, Mama Lenzi alitimiza alichoagizwa. "Alijua. Tangu mlangoni. Alisema mwanawe hajawahi kumwomba radhi."

Kaka alicheka, kicheko kilichotoka vibaya, akaketi chini pale pale kwenye udongo mbichi. "Kile kikohozi," alisema. "Miaka yote ile nimejiumiza koo."

Kesho yake alifunga kalibu zile zilizofutwa ndani ya gazeti, akaenda kituo cha polisi, akajieleza na kumtaja mchuuzi mwenye mkoba. Mchuuzi alikamatwa kabla ya jioni. Kuhusu jina, kaka alijaribu kueleza pia habari ya meli. Ofisa alimsikiliza, akatazama kitambulisho, akasema mambo ya jina ni ya ofisi nyingine na yatachukua muda wake, hapa ataandikwa kama alivyo kwenye karatasi. Basi mahakama ikamfunga mtu aliyeungua baharini, miaka miwili.

Jumamosi ya kwanza Mama Lenzi alisimama getini kwenye foleni ya wanawake wenye vikapu. Zamu yake ilipofika alilitamka jina lile, la mtu ambaye hakuwahi kumwona, na askari akapitisha kidole kwenye daftari bila kushangaa, akalipata.

"Uhusiano?"

"Dada."

Askari aliinua macho. "Hapa imeandikwa hana ndugu aliye hai."

"Basi andika sasa," alisema Mama Lenzi, akasogea karibu na dirisha ili aione kalamu inavyokwenda.